Hina ya Diwani

Bismillahi Rahmani Rahim.

Mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya. Mstahiki Meya wetu. Waheshimiwa madiwani mliotoka kata za jirani. Na wewe Mheshimiwa Audax, diwani wetu mpya, uliyeapishwa juzi kushika pale nilipoachia mie. Bwana Mtendaji wa Kata. Sheikh Talha na Mchungaji wetu, mlioketi bega kwa bega kama ilivyo desturi ya Mikwajuni. Wenyeviti wa mitaa yote, akiwemo Mzee Mashaka ambaye naona ameshaanza kusinzia kabla sijasema kitu. Ndugu wageni waalikwa. Na nyie mama zangu na dada zangu mlio nyuma ya turubai mnapakua pilau, ambao itifaki huwa haiwafikii lakini harufu ya kazi yenu imetufikia sote: Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Bwana asifiwe. Na asiye na salamu katika hizo mbili, habari ya mchana.

Ndugu zangu, kwa miaka kumi hotuba zangu zimeandikwa na Bwana Mtendaji, na Mungu amlipe, maana darasa langu la saba lisingenifikisha hapa nilipo. Leo nimemwambia apumzike. Hii nimeiandika mwenyewe, mezani kwangu, kwa hiyo mtakapoona nimepinda njia msimlaumu yeye.

Mshereheshaji amenisifu, nami nimesikia. Ametaja madarasa, ametaja barabara ya kwenda zahanati, ametaja kisima. Nashukuru, ingawa mnajua wote kwamba diwani hachimbi kisima, anapiga kelele mpaka kichimbwe. Lakini katika sifa zile kulikuwa na sentensi moja iliyonishika. Alisema, "Mama huyu aliacha hata kazi ya mikono yake kwa ajili yenu." Nanyi mkapiga makofi, mkapiga mpaka vijana wa muziki wakaongeza sauti. Mie nikainama. Mlidhani nalia kwa furaha.

Nataka kusema juu ya makofi yale. Sisemi kwa kulaumu, nasema kwa sababu Mheshimiwa Audax alikuja kibarazani kwangu wiki iliyopita, akavua viatu, akakaa, akaniuliza swali nililomwomba anipe muda nilijibu mbele za watu. Aliniuliza, "Mama, nifunge duka langu la dawa, nisifunge?"

Swali hilo si lake peke yake. Limezagaa kata nzima. Nikienda Buguruni kununua nazi nalikuta huko limenitangulia. Wapo wanaosema mtu akishachaguliwa aache kazi zote, ale posho, awatumikie watu. Wapo wanaosema, hivi mtu mzima aache kazi yake, muhula ukiisha atakula nini, jina? Na kila upande una hasira, na kila upande una mfano wake: mbunge fulani ana mahoteli, diwani fulani ana malori yanayobeba mchanga wa miradi anayoipitisha mwenyewe. Mie sina hoteli wala lori. Mie nilikuwa na kijiti cha hina. Nitawaambia kilichonipata na kijiti hicho, kisha Mheshimiwa Audax apime mwenyewe.

Wengi mliojenga hapa miaka ya karibuni mnanijua kama Mheshimiwa Mwanabaraka. Hamkuniona kabla. Mie ni mpambaji wa maharusi. Kazi hii nilifunzwa na mama yangu Msasani, enzi ambazo Msasani mtu alikuwa akinusa ngalawa kabla ya kunusa mkahawa. Nilipoolewa na marehemu Haroub, Mungu amrehemu, tukahamia huku wakati kuanzia hapa mpaka Chanika ni mihogo na nyasi. Yeye akafungua duka la rejareja, mie nikaendelea na hina yangu. Kila harusi ya Mikwajuni ilinipitia. Wapo akina mama hapa wana wajukuu, na miguu yao ya uharusi niliichora mie.

Kazi yenyewe iko hivi. Bibi harusi anakaa mkekani, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, na mguu mmoja uko mapajani kwangu. Chumbani ni wanawake watupu. Mlango una pazia. Hina inachukua saa nyingi, na bibi harusi hawezi kutikisika, kwa hiyo kinachobaki ni mdomo. Anaongea yeye, wanaongea shangazi zake, wanaongea majirani. Wanamsema nani? Kila mtu. Nikiwa nimeinama juu ya mguu, hakuna anayeniogopa, maana nani atamwogopa mtu aliyeinamia unyayo wake? Nikachora ua likanenepa, bibi harusi anapiga kelele, "Bi Mwanabaraka, hilo ua au chapati? Futa!" Nami nafuta. Shangazi anadakia, "Macho yameshaanza kuzeeka hayo, mnunulieni miwani!" Tunacheka mpaka piko, ile rangi nyeusi ya maua, inamwagika. Ndugu zangu, neno hilo "futa" nimeambiwa maelfu ya mara. Sikujua kama ni neno tamu.

Basi wanawake wa mkekani wakaniambia, wewe unaijua kila nyumba, unajua kila pazia lina nini nyuma yake, gombea. Nikacheka. Haroub alikuwa hai bado, akaniambia, "Mwana, ukishinda hawatakuita tena jina lako." Nikamwambia, "Wataniitaje, mie si mwenzao?" Nikagombea, nikashinda, na Haroub hakufikisha mwaka wa pili wa udiwani wangu.

Mwanzoni sikuacha kazi. Hakuna aliyenikataza, na wala sikuona sababu. Vikao ni siku chache, harusi ni Ijumaa na Jumamosi. Asubuhi kamati ya mipango, jioni mguu wa bibi harusi. Nikilipwa na mama wa bibi harusi kama siku zote. Mzee Mashaka akinitania, "Mheshimiwa, hina hii ina risiti?" Namwambia lete mguu wako nikupake, risiti itakuwa hapo hapo.

Sasa nyie wa pwani mnaijua tunzo; nitaieleza kwa ajili ya wageni wetu wa bara. Ngoma ikishakolea na bibi harusi akishapendeza, wanawake wanamtunza mpambaji. Mtu anacheza, anakuja mpaka mbele yako, anakubandika noti kwenye paji la uso, anakuchomekea ushungini, anapiga kigelegele anarudi. Haulizwi sababu. Tunzo ni furaha iliyokosa pa kukaa. Na tunzo hairudishwi. Kuirudisha ni sawa na kutema chakula cha mtu mbele yake.

Siku moja, barabara ile ya zahanati mliyoisifu leo ilikuwa imekwisha, inangoja kukaguliwa na kamati, nami nilikuwa mjumbe. Jumamosi nikawa harusini. Katikati ya ngoma akaingia mama mmoja amependeza sana, simjui. Akacheza akanijia. Akanivisha noti, ushungini, mabegani, kifuani, akanivisha kama wanavyovishwa maharusi mashada, mpaka wapiga ngoma wakapunguza mkono kumtazama. Bibi mmoja pale kitandani akasema kwa sauti, "Eeh! Leo hina imepanda bei!" Chumba kizima kicheko. Nikamwuliza Munira, huyu nani? Munira ni binti aliyekuwa akinisaidia, ananishikia bakuli, ananichujia hina, yupo hapo nyuma kwenye masufuria. Akaninong'oneza, "Huyo mke wa mkandarasi, Mama. Yule wa barabara."

Ndugu zangu, mnisaidie. Pesa ile ilikuwa nini? Ujira? Ujira wangu nilishapewa na mwenye harusi. Zawadi? Hanijui. Rushwa? Hakutaja barabara hata kwa jicho. Pengine alikuwa mwanamke tu aliyefurahi, ana nazo, anajua kutunza. Mpaka leo sijui, na hilo ndilo linaloniuma, kwamba sijui na sitajua. Nilizikunja zote kwenye kanga bila kuzitazama, nikamwambia Munira ampelekee nje kwa heshima. Mama yule akalia. Akalia mbele ya watu, akasema, "Nimemkosea nini Bi Mwanabaraka hata anirudishie tunzo kama mchawi?" Akaondoka kabla ya pilau. Na Jumatatu nikasimama kwenye barabara ile na wajumbe wenzangu, nikainamia kokoto, nikaona nyufa. Nikazisema kwa ukali, mkandarasi akarudia kipande kizima. Lakini niwaambie siri: siku ile sikujua kama nyufa zile zilikuwa kwenye lami au kwenye roho yangu.

Nikajisemea, ishu ni pesa. Niondoe pesa, nibaki na kazi. Nikatangaza napaka bure. Watu mkanishangilia, mkasema tumepata diwani. Nami nikalala usingizi mwanana, kama wiki mbili hivi.

Kisha Munira akaja nyumbani, akakaa kwenye ngazi, hataki kuingia.

"Mama, nikuulize jambo, usinikasirikie?"

"Uliza mwanangu."

"Mie sa'hivi najitegemea, hina yangu nauza. Wewe unapaka bure. Na wewe ndo diwani. Nani ataniita?"

"Watakuita. Mbona wengi?"

"Mtaje mmoja."

Nikafikiri. Nikazihesabu harusi zilizokuwa mbele, zote nilishaitwa mie. Munira akanitazama, akasema, "Unaona?" Akainuka akaenda zake, wala hakubamiza geti. Angebamiza ningepona mapema.

Na si Munira tu. Nilipokuwa napaka kwa malipo, ukinikataa umemkataa fundi. Nilipopaka bure, ukinikataa umemkataa diwani. Nani amkatae diwani, na ana maombi ya kiwanja halmashauri? Nakumbuka binti mmoja, nilimchorea maua makubwa ya mtindo wetu wa zamani. Nikaona kabisa hayapendi, uso umemshuka. Nikangoja aseme. Akafungua mdomo, nikaona mkono wa shangazi yake unamfinya kiunoni. Akasema, "Mazuri, Mheshimiwa. Ahsante." Siku ya harusi nikamwona amevaa soksi nyeupe.

Mheshimiwa Meya, mie si mtu wa maneno makubwa, lakini soksi zile nimezihubiri moyoni kuliko khutba yoyote. Mtu mwenye cheo akikufanyia kazi, hata bure, hata kwa mapenzi, huwezi kumwambia futa. Na kazi isiyoweza kuambiwa futa, hiyo si kazi tena, ni amri iliyopakwa rangi.

Basi nikaacha. Kijiti nikakifunga kwenye kitambaa, mabakuli nikayapeleka kwa Munira, nikawa diwani mtupu. Hapo ndipo mlipopigia makofi leo. Naomba sasa niwaonyeshe mlichokipigia.

Harusi iliyofuata niliitwa mgeni rasmi. Nikawekewa kiti cha plastiki kimevishwa kitambaa cheupe kwa fundo nyuma, meza ina maua na chupa ya maji, uani, peke yangu, mbali na spika ili nisiumie masikio. Nikaketi. Ndani nasikia kicheko kile ninachokijua. Nikasema ngoja nichungulie. Nikafunua pazia. Kicheko kikakatika. Wanawake wakainuka kutoka mkekani, wote, hata bibi wa magoti mabovu akajikongoja akasimama. "Karibu Mheshimiwa. Lete kiti jamani, Mheshimiwa kasimama!" Nikasema nakaa hapa chini. Wakasema haiwezekani. Nikaletewa kiti changu kile kile kutoka uani, na maua yake. Nikakaa juu, wao chini, tukatazamana. Mmoja akaniuliza, "Vikao vinaendeleaje?" Nikasema vinaendelea vizuri. Nikaondoka, na kabla sijafika getini kicheko kilikuwa kimesharudi.

Hawakunichukia. Laiti wangenichukia ningejua pa kuanzia. Waliniheshimu.

Ramadhani ndiyo ilikuwa ngumu zaidi. Kabla ya cheo, futari yangu mimi ilikuwa ya kuzunguka: leo kwa Bi Wahiba, kesho kwa jirani, na mie nyumba yangu zamu yake inafika, watoto wanajaa. Baada ya Haroub kufariki, na mie diwani, mwezi uliingia nikangoja kuitwa. Adhana ya Magharibi, tende moja, uji wangu wa pilipili manga kwenye kibakuli, mihogo niliyopika mingi kwa mazoea. Hakuna aliyeita. Nikasema labda kesho. Kesho nayo hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi nikamwuliza Bi Wahiba, mwenzangu, vipi mwaka huu? Akashtuka. Akasema, "Wallahi tulijua umealikwa kwa wakubwa! Sie tukuite kwenye maboga yetu haya?" Kila nyumba ilidhani nyumba kubwa zaidi imeshaniita. Mikwajuni nzima ilinifuturisha kwa fikra, nami nilifuturu na redio.

Simu ilikuwa ikilia kutwa. Mheshimiwa naomba mchango, Mheshimiwa naomba barua, Mheshimiwa mtoto amekosa nafasi. Nilizipokea na nilizifurahia, ndiyo kazi mliyonipa. Lakini niliwahi kukaa siku nzima nikihesabu moyoni ni nani ataniuliza umeamkaje, akanyamaza asubiri jibu. Aliniuliza muuza mkaa, maskini, kumbe namba ameikosea.

Mtaniambia, Mama, upweke wako ni wako, kata inahusika nini? Nami ningenyamaza kama usingehusika. Lakini sikilizeni. Zahanati yetu chumba cha kujifungulia kilikosa maji tangu mvua za masika. Wanawake walikuwa wanakwenda kujifungua na ndoo zao kichwani. Mkekani hilo lingesemwa siku ya kwanza, tena kwa matusi. Mie nilikuwa juu ya kiti. Taarifa zilizonifikia ziliandikwa huduma zinaendelea vizuri, nami nilisoma nikatia sahihi. Nilikuja kujua vipi? Ni huyu Mzee Mashaka, tumekaa tunangoja kikao kianze, ananiambia kwa utani, "Mheshimiwa, mjukuu wangu kazaliwa Jumanne, tumemwita Ndoo." Wote wakacheka. Nikacheka na mie. Kisha nikauliza, kwa nini Ndoo? Kicheko kikafa. Kumbe kila mtu pale alikuwa akijua isipokuwa mtu mmoja, aliyechaguliwa ajue.

Kisima mlichonisifia leo kilitoka kwenye utani huo. Kwa hiyo makofi ya kisima nampa Mzee Mashaka. Mzee, usiinuke, kaa, utavunja kiti.

Sasa, Mheshimiwa Audax, mwanangu. Umekaa unaningoja, nami nimezunguka sana. Nikujibu.

Duka la dawa, funga. Nakwambia mbele za watu na najua inauma, kwa sababu umelijenga kwa jasho, na wapo hapa waliopona homa kwa mkopo wako. Lakini wanaolikagua duka lile ni watumishi wa halmashauri ile ile utakayoketi ukiwauliza maswali. Ni nani kati yao ataingia akakwambia, "Mheshimiwa, dawa hii imepitwa na wakati, toa"? Atanunua panado ataondoka. Na mgonjwa naye, mwenye shida ya kiwanja, ataacha duka la karibu aje kwako, na wewe utadhani ni wema wa dawa zako. Na ukifunga, funga kweli. Usilihamishe kwa shemeji. Watu wa Mikwajuni si watoto; kubadili jina kwenye ubao si kuacha kazi, ni kumvisha mbuzi kanzu.

Lakini usiache kila kitu. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka mchaguliwa awe mtupu kama nilivyokuwa mie. Una shamba la ndizi Chanika. Lilime. Kata mkungu, upeleke sokoni, uza mwenyewe, ulipe ushuru kama wote. Ndizi hata ikiuzwa na waziri, ikioza imeoza, na muuza genge atakurushia hapo hapo: "Audax, hizi ndizi au sponji?" Atakuita Audax. Siku hiyo utanikumbuka.

Mie si mwanasheria, na wenye kutunga sheria watunge. Kipimo changu ni kile cha mkekani. Kazi inayongoja sahihi yako, au inayomfanya mtu aogope kukukataa, iache ukiwa na cheo, hata kama ni halali, hata kama ni bure. Kazi ambayo mtu anaweza kukuambia futa huku anakutazama usoni, ifanye, ulipwe jasho lako, na uitangaze mkutanoni kila mtu ajue. Isipokuwepo kabisa kazi ya namna hiyo mikononi mwako, basi itafute, maana bila hiyo utakuwa mtu wa kuinukiwa tu.

Na nyie ndugu zangu wananchi, mkimnyang'anya huyu kijana duka, kwa haki, msimnyang'anye na mkeka. Mtu akiacha kazi yake kwa ajili yenu, muulizeni ameamkaje. Ramadhani ikifika, au Krismasi kwake yeye, msidhani ameshaitwa. Mwiteni. Akikataa, mkasirikieni. Lakini mwiteni.

Nakaribia mwisho.

Mmenizawadia kiti. Nakiona pale, kizuri, cha mninga, kimechongwa, kina mto mwekundu. Najua tunzo hairudishwi, na safari hii siirudishi. Nakipokea, ahsanteni, ni changu. Na kwa kuwa ni changu, naomba vijana jioni wakipeleke zahanati, pale mlangoni kwa akina mama wajawazito. Mie nimekaa vitini miaka kumi, nimechoka magoti.

Jumamosi ya wiki ijayo Bi Wahiba anamwoza binti yake Rumaisa. Kadi nimeletewa. Imeandikwa kwa wino wa dhahabu: Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani Mstaafu. Bi Wahiba, shoga yangu, tumefuturu pamoja, tumezika pamoja, umenifuta machozi ya Haroub kwa ncha ya kanga yako. Nimekaa na kadi ile nikaitazama sana. Nakuomba mwenzangu, kiti hicho mpe Mheshimiwa Audax, ndiyo zamu yake.

Na wewe Munira. Acha kwanza upawa, nisikilize. Hina ya Rumaisa umeitwa wewe, na ndiyo haki, mkono wako sasa umepita wangu. Nimeona miguu ya maharusi wako barabarani nikasimama kuitazama mpaka wenyewe wakaona haya. Sirudi kukunyang'anya. Wateja ni wako. Ila ulinishikia bakuli miaka mingi, hukuwahi kulimwaga, na siku uliponiambia kweli ulikaa kwenye ngazi. Mie sina cheo tangu juzi. Naomba kazi. Nikushikie bakuli.

Usinijibu hapa mbele ya Meya na turubai lote hili, maana utanijibu kwa heshima, na heshima nimeshiba. Ijumaa ya mkesha wa harusi, baada ya Alasiri, nitachekecha hina, nitaikanda kwa ndimu na chai ya rangi kama alivyonifunza mama yangu, bakuli moja. Hina ikishakandwa haingoji siku nyingi. Itumike au imwagwe. Mlango wangu utakuwa wazi na pazia nitalifunga pembeni. Ukipita, nitakuwa nimekaa chini. Na Rumaisa, ukinikuta pale kwenu, na mkono wangu ukagusa mguu wako ukakosea, nakuomba kwa jina la Mungu, mwanangu, usivae soksi.

Mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, Mstahiki Meya, viongozi wetu wa dini, ndugu zangu wote: kwa miaka kumi mlinisikiliza kwa sababu ya cheo. Leo sina, na mmenisikiliza, hata pilau imepoa. Kwa hili la leo nawashukuru zaidi. Asanteni sana.

Wabillahi tawfiq. Mie naitwa Mwanabaraka.